Shajara ya mradi: seva ya Tukuyu inayowaka kutoka diski isiyo yake

Jumatatu

Kazi niliyokabidhiwa ni seva ya ofisi ya chama kimoja cha wakulima wadogo wa chai, karibu na Tukuyu, wilayani Rungwe. Ni kompyuta ya mezani ya kawaida, yenye BIOS ya zamani (programu ya ubao mkuu inayoianzisha mashine) isiyo na UEFI, mrithi wake wa kisasa, inayoendeshwa na Debian 12, mfumo endeshi wa aina ya Linux. Ndani yake imo hifadhidata ya MariaDB inayotunza uzito wa majani mabichi ambayo kila mkulima ameyafikisha kwenye banda la kupimia. Malipo ya mwisho wa mwezi hutokana na hesabu hizo, kwa hiyo rekodi ikipotea humo, kuna mtu anayepunjwa.

Malalamiko ya karani ni haya. Kuna asubuhi anazoikuta seva haina rekodi za siku iliyotangulia, akaziingiza upya kutoka kwenye vitabu vya stakabadhi. Kisha umeme ukikatika na kurudi, zile za kwanza zinaonekana tena na alizoziingiza upya hazipo. "Fundi, hii mashine leo inasahau, kesho inakumbuka," aliniambia, "na mimi ndiye ninayeulizwa kilo za watu." Nilimjibu, "Pole mama, usiingize kitu kingine humo hadi nikuambie. Andika kwenye kitabu tu." Ofisini wameshaanza kunong'ona kwamba kuna mtu anayechezea kilo za wakulima, na hilo ndilo lililofanya niitwe haraka. Karani ameongeza jambo ambalo wenzake hawakuliona kuwa na uhusiano: kuna asubuhi ambazo seva inawaka vizuri lakini mtandao haupo kabisa, hadi izimwe na kuwashwa tena.

Hifadhidata iliyoharibika haina tabia hiyo. Iliyoharibika hulalamika kwenye kumbukumbu zake au hukataa kufunguka. Haifichi rekodi nzima za siku moja na kuzirudisha zikiwa salama. Nilipofungua kasha nikakuta diski mbili zimeunganishwa kwa nyaya za SATA: moja ni SSD (diski isiyo na sehemu inayozunguka) ya GB 500, nyingine ni diski ya kuzunguka, nayo ya GB 500. Nimeelezwa kuwa fundi aliyetangulia alihamisha mfumo wote kutoka diski ya zamani kwenda kwenye SSD ili seva iwe na kasi, kisha akaiacha ile ya zamani mahali pake kama akiba. Kuanzia hapo nimekuwa na dhana moja tu ya kuthibitisha: kwamba seva leo inawaka kutoka diski moja, kesho kutoka nyingine.

Jumanne

Kabla ya kugusa chochote nimetaka kujua mfumo unaofanya kazi sasa umesimama juu ya diski ipi. Amri ya `findmnt /` inataja patisheni (kipande cha diski), lakini jina kama `/dev/sda1` halitoshi kuwa ushahidi, kwa sababu keneli ya Linux (kiini cha mfumo) hugawa herufi hizo kadiri inavyozigundua diski, wala haitoi ahadi kwamba mpangilio wa leo ndio utakaokuwa wa kesho. Nimeongeza `lsblk -o NAME,MODEL,SERIAL,ROTA,UUID,MOUNTPOINT`, ambayo inaonyesha namba ya kiwandani ya kila diski, pamoja na safu ya ROTA yenye 1 kwa diski inayozunguka na 0 kwa SSD. Asubuhi mzizi wa mfumo (mahali mafaili yote yanapoanzia) ulikuwa kwenye diski ya zamani. Nilipozima na kuchomoa waya wa umeme kwa muda, kisha nikawasha, mzizi ulikuwa umehamia kwenye SSD, bila mimi kubadilisha mpangilio wowote.

Safu ya UUID ndiyo iliyomaliza ubishi: patisheni mbili, zilizo kwenye diski mbili tofauti, zina kitambulisho kilekile herufi kwa herufi. UUID ni namba ya biti 128, huandikwa kwa tarakimu 32 za kimfumo wa kumi na sita, na hutungwa mara moja wakati mfumo wa mafaili unapoumbwa. Uwezekano wa mbili kulingana kwa bahati ni mdogo kiasi kwamba programu zote zimeandikwa kana kwamba haupo. Hapa hapakuwa na bahati yoyote. Uhamisho ulifanywa kwa amri ya kunakili ya `dd`, ambayo haijui mafaili wala vitambulisho. Inachukua baiti ya kwanza hadi ya mwisho na kuzimwaga upande wa pili. Diski hizi zote mbili zina baiti 500,107,862,016, hivyo nakala iliingia bila kupungua wala kubaki nafasi. Kilichonakiliwa ni kila kitu: UUID ya ext4 (mfumo wa mafaili), UUID ya patisheni ya swap (kumbukumbu ya ziada ya mashine), sahihi ya diski iliyomo kwenye sekta ya kwanza, na hata msimbo wa GRUB, bootiloda inayoipakia keneli. PARTUUID, kitambulisho cha patisheni yenyewe, nayo haisaidii, kwa kuwa kwenye diski za mtindo wa MBR (ambazo jedwali la patisheni limo kwenye sekta ya kwanza) huundwa kwa sahihi hiyo ya diski na namba ya patisheni, na vyote viwili vimelingana.

Ni sawa na banda la kupimia ambamo wakulima wawili wamepewa namba moja: karani akiita, anapimiwa aliyesogea kwanza.

Niliporudi Mbeya jioni nimeandika mlolongo wa kuwaka kwa mashine hii hatua kwa hatua, kwa sababu naona wengi husema "bootiloda imechagua diski mbaya" kana kwamba uchaguzi ni mmoja. Ukweli ni kwamba unafanyika zaidi ya mara moja, na kila mara na programu tofauti. Kwanza BIOS huamua ni diski ipi isomwe sekta yake ya kwanza. Sekta hiyo huita sehemu ya pili ya GRUB, iliyojificha kwenye nafasi kati ya sekta ya kwanza na mwanzo wa patisheni. GRUB husoma `grub.cfg`, na humo kuna mstari wa `search --fs-uuid` unaotafuta mfumo wa mafaili wenye UUID iliyotajwa, ukianza na diski iliyopendekezwa, ambayo kwa kawaida ni `hd0`, yaani ile ambayo BIOS imeiweka mbele. Huko ndiko keneli na initramfs (mfumo mdogo wa muda unaoisaidia keneli kuupata mzizi) zinakochukuliwa. Baada ya hapo GRUB imemaliza kazi. Keneli inaanza upya bila kujua imetoka diski ipi; imeachiwa maneno tu, `root=UUID=` na namba yake, na ni initramfs inayotafuta tena, kwa njia zake yenyewe, patisheni yenye namba hiyo. Zikijitokeza mbili, hakuna kanuni ya kuamua. Mwongozo wa udev, programu inayovipa vifaa majina, unasema wazi kwamba vifaa viwili vikidai kiungo kimoja bila kipaumbele kuwekwa, mpangilio wake haujaainishwa.

Kwa hiyo inawezekana kabisa keneli itoke diski moja na mzizi utoke nyingine.

Jumatano

Mtandao unaopotea umepata maelezo. Kwenye SSD keneli ilishasasishwa na ya zamani ikaondolewa, pamoja na folda ya moduli zake (viendeshi vyake) ndani ya `/lib/modules`. Kwenye diski ya kuzunguka ile keneli ya zamani bado ipo. Siku BIOS inapoanza na diski ya kuzunguka huku initramfs ikiangukia SSD, keneli ya zamani inasimama juu ya mzizi usio na moduli zake, na kadi ya mtandao haipati kiendeshi. Nimelinganisha `uname -r` na orodha ya folda zilizomo kwenye `/lib/modules`, na kumbukumbu za asubuhi moja ya namna hiyo zinaonyesha `modprobe`, amri ya kupakia moduli, ikilalamikia folda ambayo haipo. Nimependa ushahidi huu kuliko mwingine wote, kwa sababu ndio pekee unaoonyesha maamuzi mawili yakipingana ndani ya kuwaka kumoja.

Betri ya ubao mkuu, ile ya CR2032, imekwisha. Kila umeme unapokatika BIOS inasahau mpangilio wa diski na saa inarudi nyuma. Ofisi haina UPS inayofanya kazi, na kwa mvua za Tukuyu na radi zake umeme hukatika bila taarifa. Nimeweka betri mpya niliyoinunua sokoni Mwanjelwa, Mbeya, nimeitanguliza SSD kwenye mpangilio, nikazima na kuwasha kwa kuchomoa waya. BIOS sasa inakumbuka, na GRUB inayofunguka ni ya SSD kila mara.

Mzizi bado unahama. Hilo nililitarajia, ila ni vizuri kuwa limeonekana, maana msimamizi wa ofisi alikuwa tayari kunishukuru na kuniaga.

Alhamisi

Jaribio la leo lilikuwa la kuthibitisha kwamba sehemu iliyobaki ni ya initramfs peke yake. Kwenye menyu ya GRUB nimebonyeza `e`, nikaenda kwenye mstari unaoanza na `linux`, nikabadilisha `root=UUID=…` kuwa njia ya `/dev/disk/by-id/` yenye modeli na namba ya kiwandani ya SSD, ikiishia na `-part1`, kisha nikawasha kwa Ctrl na x. Mabadiliko ya namna hii hudumu kwa kuwaka kumoja tu na hayaandiki chochote kwenye diski, kwa hiyo ni salama kwa uchunguzi. Mfumo umesimama juu ya SSD kila nilipofanya hivyo, mashine iwe ya baridi (imetoka kuzimwa kabisa) au ya moto (imeanzishwa upya tu).

Mwenzangu mmoja wa Iringa niliyempigia simu alishauri niandike `root=/dev/sda1` na kuweka `GRUB_DISABLE_LINUX_UUID=true`, yaishe. Sikubaliani naye. Huko ni kuondoa kitambulisho chenye kasoro na kuweka mahali pake kitu ambacho si kitambulisho. Siku mtu atakapochomeka diski ya tatu, au atakapohamisha waya kwenye tundu jingine, herufi zitasogea, na safari hiyo hakutakuwa na UUID mbili za kumshtua atakayekuja kuchunguza. Njia ya `by-id` ni imara zaidi, lakini nayo ni kiraka: `search` ya GRUB bado inatafuta kwa UUID, na `fstab` (orodha ya patisheni ambazo mfumo huzifungua) vilevile. Vitambulisho vyenyewe ndivyo vinavyopaswa kutofautishwa.

Hata hivyo siwezi kubadilisha kitu kwenye diski ya zamani leo. Rekodi za wakulima zimegawanyika pande mbili na bado sijui kila upande una nini. Nimezima seva, nimechomoa waya wa SATA wa diski ya kuzunguka, na kuiacha ofisi ikifanya kazi kwa SSD pekee. Karani ameelezwa kuwa ataona mapengo, na asiyajaze.

Ijumaa na Jumamosi

Diski ya zamani nimeisoma nikiwa Mbeya, kwenye kompyuta nyingine, na kitu cha kwanza kilikuwa kuizuia isiandikwe kwa `blockdev --setro`, kisha kuchukua taswira yake nzima (nakala ya baiti kwa baiti) kwenye faili. Tahadhari hii si ya kupita kiasi. Watu wengi huamini kuwa `mount -o ro` inatosha, lakini ext4 iliyozimika ghafla hurudia jarida lake (orodha ya mabadiliko yaliyokuwa yakiandikwa) wakati wa kufunguliwa hata kama umesema ni ya kusoma tu, na kurudia jarida ni kuandika. Chaguo la `noload` linazuia hilo, ila huenda ukaona mfumo ukiwa katikati ya jambo lililokatizwa. Ukiwa na taswira unaweza kuliacha jarida lirudiwe kwenye nakala, na asili ikabaki kama ilivyokuwa.

Kumbukumbu za systemd, programu inayosimamia huduma za mfumo, zimegeuka kuwa hazina. Kwa kuwa `/var/log/journal` imo ndani ya mzizi, kila diski imeandika tu nyakati ambazo yenyewe ilikuwa mzizi. Nimeendesha `journalctl -D` kwa folda ya kila upande pamoja na `--list-boots`, nikaziweka orodha mbili sambamba: pengo la moja linajazwa na nyingine, kama meno ya zipu. Kwa mara ya kwanza tumepata ratiba kamili ya diski ipi ilitawala lini. Kasoro iko kwenye zile asubuhi ambazo betri ilikuwa imekufa na mtandao haupo. Saa ya mashine ilikuwa ya uongo, na tarehe zilizoandikwa humo, za kumbukumbu na za hifadhidata, haziwezi kuaminiwa.

Hifadhidata ya diski ya zamani nimeifungua kwa kunakili folda ya `/var/lib/mysql` kutoka kwenye taswira na kuiendesha kwenye mashine tofauti, kisha nikatoa data kwa `mysqldump`. Hapa ndipo nilipotumia muda mwingi kuliko sehemu nyingine yoyote ya mradi. Kosa ambalo lingekuwa rahisi ni kumwaga rekodi za upande mmoja ndani ya mwingine. Programu hii hutoa namba ya mfululizo kwa kila mzigo uliopimwa, na namba hizo zilianza kutolewa pande zote mbili kutoka palepale nakala ilipofanyika. Namba moja, kwenye SSD, ni majani ya mkulima mmoja. Kwenye diski ya zamani ni ya mkulima mwingine, siku nyingine. Zikichanganywa kwa namba hiyo, rekodi moja ingemeza nyingine kimyakimya, na hilo lingekuwa baya kuliko ugonjwa wenyewe.

Nimeifanya SSD kuwa msingi. Rekodi za upande wa zamani zinapewa namba mpya, na namba ya awali inahifadhiwa kwenye safu ya pembeni ili ifuatiliwe. Kinacholinganishwa ni namba ya mkulima, banda, kilo na namba ya stakabadhi ya karatasi. Zinazolingana kwa yote ni zile ambazo karani aliziingiza mara mbili baada ya kuziona zimepotea, na moja ya jozi inaachwa. Zisizo na mwenza zinaingizwa. Zimebaki zile zenye utata: mkulima yuleyule, banda lilelile, kilo zinazotofautiana kidogo, pengine kwa sababu mwandiko wa stakabadhi ulisomwa tofauti mara ya pili. Hizo hakuna programu itakayoziamua. Nimezichapa kwenye orodha ili karani na mjumbe wa wakulima wakae na vitabu vya stakabadhi na kutia alama moja baada ya nyingine.

Jumatatu iliyofuata

Orodha imerudi ikiwa na alama zote, imesainiwa na wote wawili. Nimeingiza matokeo kwenye SSD, karani amelinganisha jumla za kila banda na vitabu, na zimekubaliana. Minong'ono ya wizi haikupata pa kushika. Mjumbe wa wakulima alisema "ndaga", yaani asante kwa Kinyakyusa, na kuondoka na nakala yake.

Sasa kuhusu diski ya zamani. Ningependa kuifuta kabisa, lakini viongozi wa chama wameomba ibaki kama ilivyo hadi malipo ya mwezi huu yafungwe, na ni ombi la haki. Kwa hiyo nimeibadilisha utambulisho bila kugusa yaliyomo. Nimechagua kuibadilisha yenyewe, si SSD, kwa sababu `grub.cfg`, `fstab` na initramfs za SSD tayari zinataja namba zilizopo, na kinachofanya kazi hakina sababu ya kuandikwa upya.

Nimewasha kwa flashi yenye mfumo wa majaribio, nikahakiki namba ya kiwandani kabla ya kila amri, nikaendesha `e2fsck -f` kwanza, kwa kuwa `tune2fs` hudai mfumo uliokaguliwa karibuni, kisha `tune2fs -U random`. Swap imepewa namba mpya kwa `swaplabel -U`, na sahihi ya diski imebadilishwa kwa `sfdisk --disk-id`. Nimeiwekea pia lebo ya `zamani` kwa `e2label`, ili atakayeiona kwenye `lsblk` ajue. Mwisho nimefuta msimbo wa GRUB kwenye sekta yake ya kwanza kwa kuandika sifuri kwenye baiti 446 tu. Anayeandika zote 512 anafuta jedwali la patisheni pamoja nao, na sahihi ya diski imo ndani ya hizo 446, kwa hiyo `sfdisk` imerudiwa baada ya kufuta. BIOS ikiiendea diski hii sasa haitapata cha kuendesha.

Kulikuwa na mtego mmoja zaidi ambao hauonekani hadi siku ya kusasisha. Pakiti ya `grub-pc` hukumbuka, ndani ya debconf (hifadhi ya majibu ya usanidi ya Debian), diski ambayo GRUB iliwekwa, na huikumbuka kwa njia ya `by-id`. Kumbukumbu hiyo ilinakiliwa na `dd` pia, na `debconf-show grub-pc` imeonyesha namba ya kiwandani ya diski ya kuzunguka. Maana yake, pakiti hiyo ikisasishwa, sehemu ya mwanzo ya GRUB ingeandikwa kwenye diski ya zamani huku moduli mpya zikiwekwa kwenye `/boot/grub` ya SSD, na sehemu mbili za matoleo tofauti hazielewani. Mwaka 2020, sasisho za usalama zilizofuata kasoro iliyoitwa BootHole ziliziacha mashine nyingi za namna hii kwenye skrini ya uokoaji, zikisema alama ya `grub_calloc` haikupatikana. Nimeendesha `dpkg-reconfigure grub-pc` na kuichagua SSD pekee.

Alhamisi

Diski zote mbili zimeunganishwa tena. Nimewasha mashine ikiwa ya baridi na ikiwa ya moto, nikabadilishana nyaya za SATA ili herufi zisogee kwa makusudi, hata nikaitanguliza diski ya zamani kwenye BIOS. Ilipotangulizwa, BIOS iliishia hapo na ujumbe wa kukosa mfumo, ambao ndio niliotaka. Ilipotangulizwa SSD, mzizi ulikuwa SSD bila kujali kama inaitwa `sda` au `sdb`.

Imebaki UPS, ambayo ofisi imeahidi kuinunua baada ya malipo, na kuibadili diski ya zamani kuwa ya nakala rudufu za kila usiku. Mstari wake wa `fstab` nimeshauandika na kuufunga kwa alama ya maoni, ukiwa na UUID mpya na chaguo la `nofail`, ili ikifa siku moja isiizuie seva kuwaka. Karani ameonyeshwa jinsi ya kuuliza `findmnt /` na kusoma lebo, na amebandika karatasi yenye namba ya kiwandani ya SSD ubavuni mwa kasha.